Kichezeo Kisichochezewa

Baada ya vita kwisha mwaka 1945, mafundi wa Japani waliokota makopo matupu ya askari wa Marekani wakayageuza vichezeo. Miaka ya 1950 wakaunda maroboti ya bati. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ikatoa Mazinger Z la madini mazito. Yote hayo kwa ajili ya mtoto.

Leo watu wazima huyanunua kwa fedha nyingi, na ghali zaidi ni lile ambalo sanduku lake halijafunguliwa. Yaani sifa yake ni kutoguswa na mtoto! Teruhisa Kitahara aliyakusanya, lakini mwaka 1986 akafungua makumbusho Yokohama, watu wakatazama. Wewe unayefungia kabatini ukingoja bei ipande, umehifadhi nini? Huo si uhifadhi, ni ulimbikizaji. Fungua sanduku, mtoto acheze.