Tumechoka kuinua magari, sasa muinue barabara



Magari mingi yenye kubeba watu hapa Butembo na kwenye njia ya Lubero ilitoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Ilitengenezwa kwa ajili ya lami. Zingine hata zilishushwa na mwenyewe wa kwanza, aliweka resori fupi ili gari ipendeze. Gari kama hiyo ikifika kwetu inakwangua tumbo kwenye kila shimo. Basi dereva anaenda garaji kuiinua.

Kuinua vizuri ni kubadilisha resori pamoja na amortisere, mbili za mbele kwa mara moja, mbili za nyuma kwa mara moja, kisha kupima paralelisme. Lakini makuta haitoshi. Wengi wanaweka tu kale ya chuma juu ya resori, amortisere ya zamani inabaki. Hapo amortisere inakaa imevutwa karibu na mwisho wake, shimo ikija inagonga na kuvuja mafuta. Bomba ya freni inakazwa. Kardani inazunguka ikiwa imepinda. Pneu zinalika upande moja. Na gari ikipanda, uzito wake pia unapanda: kwenye kona, na watu wamejazana ndani, kupinduka ni rahisi.

Kuna wenye kusema: dereva anunue jeep, ao aache kazi. Tunawajibu: jeep nayo inavunjika kwenye matope, na bei yake mama mwenye kuleta viazi sokoni ndiye atailipa kwenye tike.

Tena barabara tulikwisha kuilipa. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, iliwekwa na sheria ya 2008. Inakata kwenye kila litre ya mafuta, na kwenye bariere ya peaji tunatoa tena. Raia analipa mara ya kwanza kwa pompe, mara ya pili kwa peaji, mara ya tatu kwa garaji. Hiyo ya tatu ni kodi yenye hakuna bunge ilipiga kura juu yake.

Kwa hiyo tunaomba:

1. FONER itangaze kila mwezi makuta yenye iliingia kwenye peaji za kwetu, na kazi yenye ilifanya.
2. Office des Routes ianze na mitaro. Barabara ya udongo inauawa na maji. Kujaza shimo bila kutoa maji ni kutupa makuta.
3. Kontrole tekiniki iangalie freni na amortisere za magari yenye iliinuliwa, isiishie kwenye makaratasi.

Na ninyi madereva: kama makuta ya resori na amortisere haijatimia, mungoje kidogo, musikubali kale. Mutunze fakture za garaji. Siku tutaenda kuuliza hesabu kwa wakubwa, nasi tutaweka yetu mezani.