Mwalimu, usiende semina na kalamu mpya tu

Ujumbe uliingia kwenye grupu ya WhatsApp saa tatu usiku: mafunzo ya walimu, kesho saa mbili asubuhi, Kwale mjini. Kutoka Msambweni hiyo si safari ya kukurupukia. Matatu hadi Ukunda, nyingine hadi Kombani, kisha ile ya kupanda mlima. Wenzetu wa Lunga Lunga hutoka giza bado halijapasuka.

Nilivyojiandaa mara ya kwanza nacheka hadi leo. Nilipiga pasi shati, nikakopa nauli, nikanunua daftari jipya na bando. Basi. Kutwa nzima tulisomewa maandishi yaliyokuwa yanaonekana ukutani, tukanywa chai, tukapiga picha ya pamoja. Jumatatu nilipoingia darasani nilifundisha vile vile nilivyofundisha Ijumaa.

Nililaumu waandalizi, na kwa kweli wana lao la kujibu. Lakini hata mimi nilikuwa nimeenda mikono mitupu.

Hebu tuseme ukweli kuhusu hali yetu. Sekondari msingi ilipoanza Januari 2023 iliwekwa ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara. Walimu tuliokuwepo tukagawana masomo. Mimi nilisomea Kiswahili na Historia. Nikajikuta nafundisha Sayansi Gredi ya 7, mada ya asidi na alkali, na kitabu cha kiada ndicho kifaa pekee. Watoto wakakariri. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo asidi tutaiona lini?" Sikuwa na jibu.

Mafunzo yaliyofuata nilibeba swali hilo. Nilibeba pia madaftari matatu ya wanafunzi, majina nimeyafunika kwa karatasi: la anayeelewa, la anayebahatisha na la aliyekata tamaa. Wakati wa chai niliyaweka mezani mbele ya mwalimu mmoja kutoka upande wa Kinango. Akayapitia, akaniuliza, "Manjano unayo nyumbani?" Manjano! Ile ile ya kupikia. Ukiikoroga kwenye maji, ukachovya karatasi nyeupe na kuianika, umepata kipimo. Ukidondosha maji ya limau, hubaki njano. Ukidondosha maji ya sabuni ya kufulia, hugeuka rangi ya kutu. Dakika tano, na mahamri bado yako mkononi.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya semina huanzia kwenye daftari la mwanafunzi. Chagua mada moja iliyokushinda muhula huu. Iandike kama swali ambalo mtu anaweza kulijibu. "Hawaelewi" si swali. Beba ushahidi, na ukifika kaa na usiowajua. Wa shule yako utarudi nao kwenye matatu.

Najua kuna atakayeniambia, "Ndugu yangu, mimi nataka marupurupu kwanza." Simlaumu. Mwanagenzi wa sekondari msingi hulipwa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. TSC ilipozindua mafunzo ya lazima ya walimu mwaka 2021, kila mwalimu alitakiwa ajilipie Sh6,000 kwa mwaka, na vyama vya walimu vikapinga. Vilikuwa na haki. Mwajiri anayetaka nijifunze asinitoze ada ya kujifunza. Hilo tuliseme bila kuogopa, ila tusilifanye kisingizio cha kwenda kusinzia kwenye viti vya plastiki.

Na nyinyi mnaoitisha mafunzo, ujumbe wa saa tatu usiku unaua maandalizi yote haya. Tupeni wiki moja. Tuambieni mada ni zipi na mtuulize nini kinatukwamisha, kisha mwezeshaji aje na majibu ya Msambweni na Kinango, si ya shule yenye maabara na umeme usiokatika.

Lile jaribio la manjano tulilifanya Jumatano chini ya mwembe, kwa vikombe vya plastiki. Karatasi ilipobadilika rangi, yule aliyeniuliza asidi tutaiona lini aliichukua akaichovya tena kwenye limau, kuona kama itarudi njano. Ikarudi. Akataka kujua kwa nini.

Hilo nimeshaliandika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa semina ijayo.