Gesi ya wote, na nani anayeihesabu?

Tumekuwa tukiulizwa na wasomaji wetu kama gesi iliyo chini ya shamba la mtu ni mali yake au ni mali ya umma. Swali hili ni la zamani kuliko gesi yenyewe. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa Abyadh bin Hammal machimbo ya chumvi ya Maarib, na alipoelezwa kuwa ile ni kama maji yasiyokatika, aliyarejesha kwa watu wote. Kauli mashuhuri ya Wamaliki ni kwamba madini yako chini ya mamlaka ya kiongozi hata yakiwa ndani ya milki ya mtu. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wameyahesabu yaliyomo ndani ya milki kuwa ya mwenye ardhi.

Marekani njia zote mbili zinatumika, na kwa hiyo panafaa kutazamwa. Huko mwenye shamba aweza kumiliki pia kilicho chini yake. Kampuni ikitaka kuchimba huingia naye mkataba, kisha humletea hundi pamoja na mchanganuo: gesi kiasi gani, bei gani, makato gani. Akiona makato yamezidi, huenda mahakamani, na Pennsylvania kesi za namna hiyo zimekuwa nyingi. Serikali katika shamba hilo haina mrabaha, ina kodi tu. Texas hutoza asilimia 7.5 ya thamani ya gesi, ilhali Pennsylvania imetosheka na ada ya kila kisima tangu mwaka 2012.

Katika ardhi ya umma, serikali ya shirikisho ndiyo mwenye mali. Sheria ya mwaka 1920 iliweka mrabaha usiopungua asilimia 12.5, na kiwango hicho kikadumu takriban karne nzima. Mwaka 2022 kilipandishwa hadi asilimia 16.67, mwaka 2025 kikarudishwa palepale. Takriban nusu ya fedha hizo hupelekwa katika jimbo ilikotoka gesi, na New Mexico hutegemea sana fungu hilo katika bajeti yake. Lakini katika miaka hiyohiyo wenye mashamba wa Texas wamekuwa wakipata moja ya tano, hata robo. Mali ya mtu mmoja imeuzwa ghali na mali ya watu wote imeuzwa rahisi. Sababu haifichiki: mwenye shamba anaisoma hundi yake, na umma hauletewi hundi.

Hapa Tanzania hatuna mkulima wa kumwonea wivu. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeweka gesi mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi. Sisi tunaona hilo ni sawa. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004, haiwezi kuwa ya mtu mmoja kwa kuwa tu mnazi wake umeota juu yake. Ila neno "kwa niaba" lina uzito. Aliyeshika mali kwa niaba ya mwingine ameshika amana, na mwenye amana ana haki ya kuuliza.

Ndugu zetu wa Mtwara waliuliza mwaka 2013, kuhusu bomba la kwenda Dar es Salaam. Mambo yakaishia katika moto na vifo. Hatuungi mkono uharibifu uliotokea, lakini swali lao halikuwa la kihuni.

Tangu mwaka 2015 nchi ina Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, na ripoti hutolewa. Ni ripoti za wataalamu. Mama wa Kilwa Kivinje hatazisoma. Halmashauri ya Kilwa hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya gesi. Tunaiomba ibandike kiasi hicho katika ubao wa ofisi ya kijiji cha Songosongo kila robo mwaka, kwa Kiswahili, na chini yake iandike madawati mangapi na dawa zipi zimenunuliwa kwa fedha hizo.