Eti Watoto Hawapendi Kusoma!

Jamani wadau, chuo kimefungwa, niko nyumbani Nyasubi, Kahama. Wimbo wa walimu ni ule ule: watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Wasome nini? Nilipoenda mazoezi ya kufundisha, kabati la vitabu vya hadithi lilikuwa na kufuli, eti wataviharibu!

Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha kampuni yao ya uchapishaji, E&D, mwaka 1989. Mwaka 1995 Lema akatoa Safari ya Prospa, hadithi ya watoto. Alitoa jasho ili tukifungie kabatini?

Kitabu cha mtoto kisichochakaa hakijasomwa. Mwalimu mwenzangu, fungua kabati kwanza, ndipo ulalamike. Nawasilisha.