Ada Isiyopunguza Deni

Kwa muda mrefu neno ovadrafti halikuwa neno la mtu wa kawaida katika visiwa vyetu. Lilikuwa neno la wafanyabiashara wakubwa wa Malindi na Darajani, wenye kuagiza mchele na nguo kutoka nje, ambao benki iliwaruhusu kutoa fedha zaidi ya zile walizoziweka, kwa malipo maalumu, mpaka bidhaa zao ziuzwe. Leo ruhusa hiyo imemfikia mwalimu wa skuli ya Makunduchi, mhudumu wa hoteli ya Nungwi na karani wa ofisi ya Vuga. Imemfikia kwa majina mengi: mshahara wa awali, mkopo wa dharura, au huduma ya simu inayomkamilishia malipo pale salio lake linapopungua. Majina yamebadilika lakini kitu ni kile kile, yaani kutumia leo fedha ambayo bado haijaingia, na kumlipa mwenye kukuruhusu.

Hatuna ugomvi na ruhusa hiyo yenyewe. Mtu aliyepatwa na mgonjwa usiku wa manane, akatakiwa kumfikisha Mnazi Mmoja na kumnunulia dawa, hana nafasi ya kuandika barua ya maombi ya mkopo na kungoja majibu kwa wiki mbili. Ugomvi wetu unaanza pale dharura inapokuwa desturi. Mshahara unaingia, benki au kampuni ya simu inachukua chake kwanza, kinachobaki hakifiki tarehe kumi na tano, na mwenyewe anarudi kule kule alikotoka siku chache tu nyuma. Mtu wa namna hii hakopi tena kwa ajili ya mgonjwa wala kwa ajili ya ada ya mtoto. Anakopa ili kuziba pengo lililoachwa na mkopo wa mwezi uliopita.

Inafaa hesabu ya jambo hili ifanywe hadharani, maana wengi wanaolipa hawajapata kuifanya. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza kima cha chini cha mshahara cha shilingi 347,000 kwa watumishi wake. Tumchukulie mfanyakazi mwenye kipato kama hicho aliyezama kwa shilingi 200,000, na tuseme kwamba riba na ada zote pamoja ni asilimia 10 kila mwezi. Kiwango hiki tumekichagua kwa wepesi wa hesabu. Kila mwezi atalipa shilingi 20,000. Kwa mwaka mmoja atakuwa amelipa shilingi 240,000, na siku ya mwisho ya mwaka huo atakuwa bado anadaiwa shilingi 200,000 zile zile, bila ya kupungua hata senti.

Sasa tuseme benki imekubali kulifunga deni hilo na kuligeuza kuwa mkopo wa kawaida wa miezi kumi, kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi juu ya deni linalobakia. Mfanyakazi yule atalipa takriban shilingi 21,700 kila mwezi, na mwezi wa kumi ukimalizika hadaiwi na mtu. Msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Katika hali ya kwanza anatoa 20,000 na halipunguzi deni. Katika hali ya pili anaongeza shilingi 1,700 tu, na deni linakwisha. Kwa hiyo si kweli, kama tunavyosikia mara nyingi, kwamba mtu wa kipato kidogo hawezi kulipa deni lake. Mara nyingi ameshalilipa zaidi ya mara moja, ila malipo yake yamepewa jina la ada.

Wazanzibari hawapaswi kulishangaa hilo, kwa kuwa mashamba ya visiwa hivi yaliwahi kupotea kwa njia inayofanana nayo. Katika zama za karafuu, mwenye shamba aliyehitaji fedha kabla ya mavuno alikwenda kwa mwenye duka, na mkataba wao mara nyingi uliandikwa kwa sura ya bei khiyari. Katika karatasi, mkopaji alikuwa ameuza shamba lake kwa sharti la kulikomboa katika muda uliowekwa. Katika maisha ya kila siku alibaki humo humo shambani, akilima na kuchuma, na kumlipa mnunuzi kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa riba, ila haikuitwa riba. Ililipwa msimu baada ya msimu, haikupunguza kitu katika fedha za kukombolea, na muda ulipokwisha karatasi ilisema kwamba shamba limeuzwa.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa uchumi wa dunia mwanzoni mwa miaka ya 1930, mambo yaliharibika kabisa. Maofisa wawili wa serikali ya kikoloni, Bartlett na Last, walipewa kazi ya kuchunguza madeni ya wakulima mwaka 1933. Mwaka 1934 zikatoka amri kadhaa kwa pamoja: kuzuia ardhi ya Mwarabu na Mwafrika isihamishiwe mikononi mwa watu wengine bila ya idhini, kuwadhibiti wakopeshaji, na kuipa nguvu mpya ile jumuiya ya wakulima wa karafuu iliyojulikana kama CGA. Madai ya madeni nayo yalisimamishwa kwa muda.

Hatuzisifu amri zile kwa jumla. Ziliwagawa watu wa visiwa hivi kwa makabila, kana kwamba kudai ni tabia ya Mhindi na kudaiwa ni tabia ya Mwarabu na Mswahili, ilhali wenye maduka madogo ya shamba nao walikuwa wakidaiwa na wafanyabiashara wakubwa wa mjini. Matokeo yake yalikuwa mvutano uliofika mpaka India, ambako karafuu ya Zanzibar iligomewa mwaka 1937 na 1938. Hata hivyo lipo somo moja ambalo maofisa wetu wa leo wangefaa kulizingatia. Kusimamisha madai kulizuia tu mkono wa mdai, na deni lenyewe likabaki pale pale. Ilibidi ije sheria nyingine mwaka 1938, ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni, ili madeni ya wenye mashamba yachunguzwe na kupangiwa malipo yanayowezekana. Wakati huo watu wengi walikwisha kupoteza muda, na wengine walikwisha kupoteza mashamba.

Leo wako wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri, na siku ya mshahara wakenda kutoa wao wenyewe. Sioni tofauti kubwa kati ya mtu huyu na yule aliyelipa kodi ndani ya shamba lake mwenyewe. Umma umeipa mikopo ya aina hii jina la kausha damu, na jina hilo limetolewa na waliokaushwa. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi Novemba 2024 orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu yasiyokuwa na leseni. Hatua hiyo ilistahili. Lakini mwenye leseni naye anaweza kumchosha mtu, na ni juu ya hao wenye leseni ambapo serikali ina sauti zaidi.

Kwa mwenye deni, jambo la kwanza ni kwenda benki kabla ya kufuatwa, akiwa na karatasi ya hesabu yake ya miezi mitatu, na kuomba kwa maneno haya haya: deni langu lifungwe, ruhusa ya kutoa zaidi ifutwe, na kiasi kilichobaki kigeuzwe kuwa mkopo wenye tarehe ya mwisho. Aombe kwa maandishi na adai jawabu kwa maandishi. Sharti la kufutiwa ruhusa ni gumu kulikubali, lakini pasipo hilo mtu atajikuta na madeni mawili, la zamani lenye mpango na jipya lisilo na mpango.

Benki ikikataa, ipo njia ya pili, nayo ni ndefu zaidi. Mtu aombe kiwango cha ruhusa yake kipunguzwe kila mwezi kwa kiasi kile kile. Katika mfano wetu, akipunguza shilingi 20,000 kila mwezi pamoja na kulipa ada, mwezi wa kwanza atatoa 40,000, wa pili 38,000, na kuendelea hivyo mpaka 22,000 mwezi wa kumi. Atakuwa amelipa ada ya shilingi 110,000 kwa jumla, ambayo ni nyingi, lakini atakuwa ametoka. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye dhiki. Kwa sababu hiyo haifai kuanza katika mwezi wa Ramadhani, wala wakati skuli zinafunguliwa. Mfanyakazi wa hoteli asianze Aprili, wakati wa masika, ambapo hoteli nyingi za Kiwengwa, Paje na Nungwi hupunguza kazi au kufunga kabisa. Aanze Julai, wageni wanapokuwa wengi.

Lipo na jambo la nyumbani, ambalo tahariri za magazeti hulikwepa. Madeni mengi ya namna hii ni siri. Mume hamwambii mke, na mke naye ana lake katika simu. Na kwa kuwa jamii yetu kwa wingi wake ni ya Kiislamu, na riba ni haramu, aibu inakuwa mara mbili, na mtu huona heri akope mahali pa tatu kuliko kusema. Siri hiyo ina gharama yake. Nyumba inayojua kwamba shilingi 40,000 zinatoka kila mwezi inaweza kupanga chakula na nauli kwa kufuata hilo. Nyumba isiyojua itaendelea kutumia kama kwamba zipo. Upatu nao usaidie: mwenye deni aombe zamu ya mapema, na fedha yote iende benki siku ile ile. Kuzunguka msitu wa Jozani, vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzishwa kwa msaada wa shirika la CARE mwanzoni mwa miaka ya 2000 viliendelea na kuongezeka hata baada ya mradi wenyewe kumalizika, na faida ya fedha zao ilibaki kwa wanachama wenyewe.

Hata hivyo itakuwa dhulma kumtwika mwananchi mzigo wote. Benki ya Watu wa Zanzibar iliundwa mwaka 1966, na jina lake linatukumbusha ni nani iliyokusudiwa kuwahudumia. Ndiyo inayopaswa kuonesha njia, na benki nyingine ziifuate. Mteja ambaye hesabu yake imekaa chini ya sifuri kwa miezi mitatu mfululizo asingoje mpaka aombe. Apelekewe barua, kwa Kiswahili, yenye tarakimu mbili: jumla ya ada aliyokwisha kulipa, na kiasi ambacho angelipa kwa mwezi lau deni lingegeuzwa kuwa mkopo wa kawaida. Idara za benki zinazofuata misingi ya Kiislamu nazo zifikirie zaidi ya kuuza pikipiki na vifaa vya ujenzi kwa malipo ya pole pole. Aliyezama katika riba naye ni mteja, na pengine ndiye anayewahitaji zaidi.

Wakopeshaji watasema kwamba ada zikipunguzwa watapata hasara. Nchini Kenya huduma ya Fuliza ya Safaricom, iliyoanza Januari 2019, ilikuwa ikilalamikiwa kwa jambo hilo hilo. Mwezi Septemba 2022 serikali mpya ilipolisimamia suala hili, ada zilipunguzwa, na mikopo isiyozidi shilingi 1,000 za Kenya ikapewa siku tatu za mwanzo bila ya ada ya kila siku. Huduma haikufungwa.

Serikali yetu imeshaonesha nia njema kwa wajasiriamali, ambao kupitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi wamekuwa wakipata mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ni ya kuanzishia na kukuzia biashara. Mwalimu wa Makunduchi hana biashara. Ana mshahara, na mshahara huo unapita mikononi mwa Serikali kabla ya kufika kwake. Wizara ya Fedha inaweza, kwa waraka mmoja, kuzitaka benki zote zinazopitisha mishahara ya watumishi wa umma zimruhusu mtumishi kufunga ovadrafti yake na kuilipa kwa awamu, kwa riba isiyozidi ile ya mkopo wa kawaida wa mshahara, na bila ya ada ya kugeuza. Tunaiomba waraka huo utoke kabla ya bajeti ijayo kusomwa katika Baraza la Wawakilishi.