Jiko la Mwanafunzi na Maswali Manne

Katika mji wa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe unaotenganisha Uganda na Kongo, si shida kupata kifaa cha nyumbani cha bei nafuu. Beseni, tochi, kandambili na majiko ya bati hupangwa kando ya njia, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowapatanisha muuzaji na mnunuzi. Shida huanza baada ya miezi michache, beseni linapopasuka na jiko linapotoboka kitako. Kifaa kinachonunuliwa kwa bei ndogo mara tatu kwa mwaka si rahisi tena, na vipande vyake huishia mferejini.

Ndiyo sababu inafaa wazazi waitazame kwa makini kazi moja wanayorudi nayo watoto wao kutoka shuleni. Mwaka 2020 Uganda ilianza kutumia mtaala mpya katika madarasa ya chini ya sekondari, na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Mtaala huo humtaka mwanafunzi afanye miradi ya vitendo, na miongoni mwa masomo ya kuchagua limo somo la Teknolojia na Usanifu. Usanifu maana yake ni kukifikiria kitu na kukichora kabla ya kukitengeneza, ili kimfae atakayekitumia. Siku hizi maana hiyo imepanuka: kifaa chema ni kile kinachodumu, kisichomaliza misitu wala kuchafua maji, na ambacho mwisho wake umefikiriwa tangu mwanzo wake.

Aghalabu mradi wa shule hutengenezwa kwa ajili ya alama, huonyeshwa siku ya wazazi, kisha hutupwa uvunguni. Haipasi kuwa hivyo. Mwanafunzi anayejifunza kazi hii kwa dhati hana budi kujiuliza maswali manne: vitu vya kukitengenezea kifaa vinatoka wapi, nani atakitumia, na kwa namna gani, kikiharibika nani ataweza kukitengeneza, na kikichakaa kabisa kitakwenda wapi.

JIKONI NI DARASANI

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili anayekusudia kutengeneza jiko la mkaa, ambalo watu wengi wa Uganda huliita sigiri. Mchoro wake wa kwanza unapendeza: jiko refu, lenye miguu mitatu myembamba. Akimwonyesha mama yake, mama huuliza swali lisilokuwamo kitabuni: "Mwanangu, obundu utausonga juu ya hicho?" Obundu ni ugali wa muhogo wa Wakonzo, na kuusonga kunataka nguvu. Jiko likiyumba, sufuria hupinduka, na mtoto aliyekaa karibu huungua. Swali moja la mama limeufuta mchoro wote. Hiyo si aibu. Huko ndiko kujifunza kwenyewe.

Mafundi wakubwa nao walipitia njia hiyo. Jiko la Kenya lenye udongo wa kuchomwa kwa ndani lilianza kuenea katika miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwezi wa Agosti 1981. Wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Baadhi ya majiko ya awali udongo wake ulipasuka kwa joto, na ilibidi umbo libadilishwe baada ya majaribio katika jikoni za watu. Hatimaye likapatikana jiko lililobanwa kiunoni, lenye kitako kipana kisichoyumba, na udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, pale penye moto. Jiko hilo likitunzwa vema huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja hadi nusu. Zaidi ya hayo, fundi wa jua kali hulitengeneza kwa bati kuukuu, na udongo wake ukivunjika hubadilishwa peke yake bila kulitupa jiko zima.

Mwanafunzi naye asiseme tu kwamba jiko lake ni bora, na alipime. Apime mkaa kwa mizani kabla ya kuwasha, achemshe kiasi kile kile cha maji kwa sufuria ile ile juu ya jiko la zamani na juu ya jiko lake, kisha apime mkaa uliosalia. Arudie mara tatu, na aandike matokeo yote, hata yale yasiyompendeza. Kazi hiyo ifanyike nje au penye hewa ya kutosha, kwani jiko la mkaa likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Swali la kwanza nalo lina mtego wake. Wanafunzi wengi hupenda kutengeneza mkaa wa maganda ya ndizi au ya kahawa, na wazo ni jema. Hata kiwanda cha saruji cha Hima, katika wilaya hiyo hiyo ya Kasese, kimewahi kutumia maganda ya kahawa kuwashia tanuri zake. Maganda hukaushwa, huchomwa katika pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe makaa, husagwa, kisha hugandishwa kwa uji wa muhogo, hufinyangwa na kuanikwa juani. Lakini muhogo ni chakula. Ikiwa unga unaogandisha mkaa ndio uliokuwa uliwe jioni, mradi umeokoa mti na kulaza mtoto na njaa. Hapo hapana budi kujaribu kupunguza unga, au kutumia udongo wa mfinyanzi kidogo, ijapokuwa udongo huongeza majivu.

MWISHO WA KITU

Swali la nne ndilo husahauliwa zaidi, na hakuna mahali panapolifundisha kama Kasese. Mgodi wa shaba wa Kilembe, ulio bondeni juu ya mji, ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, lakini mabaki yalibaki. Uzalishaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na karibu na mji likasalia rundo la takriban tani milioni moja la mabaki yenye salfa, chuma na kobalti. Mvua iliponyesha, maji yenye tindikali yalitiririka kutoka humo na kuua mimea hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka karibu mwaka 2013, kiwanda kimoja kililitumia rundo hilo kutoa kobalti kwa msaada wa bakteria. Takataka iligeuka mali, lakini baada ya ardhi kuumia kwa miongo mingi. Mabaki mengine yangali kandokando ya Mto Nyamwamba, ambao mafuriko yake ya 2013, 2014 na 2020 yaliwaliza watu wengi wa bonde hilo.

Mwanafunzi hachimbi mgodi. Lakini betri ya tochi anayoiunda na rangi anayopaka jiko lake vina swali lile lile. Mwalimu wa kumjibu huenda yuko nyumbani: bibi anayesuka kapu kwa ukili na mabua hulishona tena likitoboka, na likichakaa kabisa huozea shambani bila kumdhuru mtu.

Basi wazazi wawavumilie watoto wanapoharibu kipande cha bati, na akina mama wasione haya kusema wazi kwamba jiko la mtoto halifai, na kwa nini. Walimu nao watoe alama kwa daftari lenye majaribio yaliyoshindwa, si kwa rangi inayong'aa tu. Mradi utakuwa umefaulu ikiwa, mwaka mmoja baada ya maonyesho, jiko lile lingali linapika nyumbani, na gunia la mkaa linachukua siku nyingi zaidi kwisha.