Gari linalokula oili halijafa

Kuna hukumu inayotolewa kwenye gereji zetu kila siku, na inatolewa haraka mno: "Hii injini inakula oili, ni kuishusha tu." Mwenye gari anasimama pale ameshika kiuno, anautazama moshi wa bluu unaotoka kwenye bomba, na tayari ameshaanza kuwaza amkope nani. Nasema wazi kwamba hukumu hiyo mara nyingi haina ushahidi. Inawamaliza watu fedha, na inaziua injini ambazo zingetembea miaka mingine mingi.

Hakuna injini isiyokula oili. Pistoni inapopanda na kushuka lazima iache utando wa oili kwenye ukuta wa silinda, na sehemu ya utando huo inaungua pamoja na petroli. Cha kuuliza ni kiasi gani. Watengenezaji wenyewe wameweka mipaka, na ni mikubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kule Marekani, Toyota ilipokuwa ikiyapima magari yaliyolalamikiwa kwa kula oili, gari halikuhesabiwa bovu mpaka limalize karibu lita moja ndani ya kilomita 1,900 hivi. Volkswagen imeandika kwenye vitabu vya magari yake kwamba hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 ni hali ya kawaida. Halafu mtu wa Dar es Salaam mwenye Premio ya mwaka 2003, anayeongeza nusu lita kila mwezi, anaambiwa gari lake limekufa. Limekufa kwa kipimo cha nani?

Chukua kalamu upige hesabu. Tuseme gari lako lina hali mbaya zaidi ya hiyo, linakula lita nzima kila kilomita 1,000, na wewe unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Tuseme lita ya oili safi unainunua kwa shilingi 15,000. Kwa mwaka umetumia shilingi 180,000. Fundi akikutajia milioni 2 za kushusha injini, pamoja na ringi, gasketi, oili mpya na ujira wake, maana yake unalipa kwa mkupuo mmoja oili ya kuongeza ya miaka 11. Weka bei za mtaani kwako na mwendo wako, hesabu haitabadilika sana. Swali linalobaki ni kama bodi, gia na miguu ya gari lenyewe vitaifikia hiyo miaka.

Kinachoziua injini zinazokula oili ni njaa. Injini ya 1ZZ ya Toyota, ile ya cc 1,800 iliyomo kwenye Premio, Allion, Wish na RAV4 nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000, inabeba lita 3.7 tu za oili pamoja na filta. Mwenye gari amezoea kumwaga oili kila kilomita 5,000, na katikati hapo hafungui boneti. Kama inakula lita kwa kilomita 1,000, sampu inakauka kabla ya tarehe ya sevisi kufika. Na wengi wanasubiri taa nyekundu ya oili iwake kwenye dashibodi, wakiamini ndiyo itakayowaambia oili imepungua. Kwenye magari haya taa hiyo haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka unapokata kona, pampu imeshavuta hewa na vyuma vinasagana. Siku hiyo injini inagonga, inapelekwa gereji, na kila mtu anasema imekufa kwa kula oili. Imekufa kwa sababu hakuna aliyeilisha.

Kinga yake ni kijiti cha kupimia oili na kitambaa. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili ikifika katikati ya alama mbili za kijiti, ongeza kidogo kidogo, na usivuke alama ya juu, maana ikizidi nayo inaleta moshi. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari linalokaa kwenye dashibodi. Baada ya miezi michache utaijua injini yako kwa tarakimu, na hakuna fundi atakayekutisha kwa kuangalia bomba la moshi peke yake.

Wanaosema dawa ni kununua injini ya mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam, wanaukwepa ukweli mmoja mgumu. Injini za kwanza za 1ZZ zilikuwa na kasoro tangu kiwandani. Pistoni ina ringi tatu: mbili za kuzuia mgandamizo na moja ya chini ya kukwangua oili. Nyuma ya ringi hiyo ya tatu kuna matundu ya kurudishia oili kwenye sampu, na kwenye pistoni hizo matundu yalikuwa madogo na machache. Kaboni inayaziba, ringi inaganda, oili inapanda juu kuungua. Baadaye Toyota ilibadilisha muundo wa pistoni. Injini ya 2AZ, ya cc 2,400, iliyomo kwenye Harrier na Alphard nyingi, ilisumbua vilevile kwa wamiliki wa Camry za mwaka 2007 hadi 2009 kule Marekani, mpaka Toyota ikaanzisha mpango wa kuwabadilishia pistoni na ringi. Sasa ukinunua injini ya mtumba ya umri uleule, umenunua matundu yaleyale, ila safari hii hujui aliyekuwa nayo alimwaga oili kila baada ya muda gani.

Ndiyo maana pia injini inayokula oili inaweza kuwa na nguvu zake zote. Ringi mbili za juu zikiwa nzima, mgandamizo unabaki mzuri hata kama ile ya chini imeganda.

Na si kila moshi ni wa ringi. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu vitu vya bei ndogo havichunguzwi. Kuna kivalvu cha PCV, hakizidi kidole gumba kwa ukubwa, kinachoruhusu mvuke wa ndani ya injini urudi kuchomwa. Kikiziba au kikikwama wazi, injini inanyonya oili bila ringi kuwa na kosa lolote. Kichomoe, kitikise sikioni. Kikiwa kizima kwa kawaida kinacheza ndani, kikiwa kimya kimejaa ute mweusi. Kuna gasketi ya kava la juu inayovujisha oili juu ya eksozi ya moto, nayo ni harufu na moshi. Na kuna sili za valvu, vile vimpira ambavyo joto la miaka huvikausha vikawa vigumu. Moshi wake unatambulika: gari linatoa wingu linapowashwa asubuhi kisha linakatika, au linasimama injini ikiwaka kwenye foleni ya Ubungo, na ukikanyaga linamwaga moshi nyuma. Moshi wa ringi, kinyume chake, unazidi kadiri unavyokanyaga, mfano unapopanda mlima Kitonga na mzigo.

Jirani yangu mmoja anayeuza vitenge alitoa fedha za kikoba kushusha injini ya Spacio iliyokuwa ikitoa moshi asubuhi tu. Gari lilikaa gereji zaidi ya mwezi. Liliporudi moshi wa asubuhi ulikuwepo palepale, na umeongezeka mlio wa kugonga ambao hakuwahi kuusikia kabla. Fundi wa pili alibadilisha sili za valvu bila hata kufungua silinda hedi: alichomoa plagi, akajaza hewa ya kompresa kwenye silinda ili valvu zisidondoke, akabadilisha sili moja baada ya nyingine. Moshi ukakoma. Deni la kikoba likaendelea.

Kuna wanaokimbilia oili nzito. Kupanda ngazi moja, mfano kutoka 5W-30 kwenda 10W-40, kwenye injini iliyochoka na joto letu la pwani, sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na zile dawa nzito kama asali zinazomiminwa ili moshi upungue wiki ya kuuza gari. Injini yenye VVT-i inategemea oili ipite kwenye njia nyembamba ili kurekebisha pembe ya kamshafti, na uzito kupita kiasi unaifanya ikose oili hasa dakika za kwanza baada ya kuwashwa. Kibaya zaidi ni kuongezea oili iliyomwagwa kutoka gari jingine kwa sababu ni ya bure. Ile ina masizi, petroli na unga wa chuma, na kaboni yake ndiyo itakayomalizia kuziba matundu yaliyobaki.

Sitetei moshi. Gari linalofukiza barabara nzima linamuumiza mama aliyebeba mtoto kituoni, na majivu ya oili yanaziba masega ndani ya eksozi. Likifikia kula lita kila kilomita 400 au 500, likiloanisha plagi, likigonga, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa kwa kuchanganyika na maji, hapo injini ifunguliwe. Lakini fundi anayetaka kuifungua aje na namba. Apime mgandamizo wa silinda zote nne aniandikie. Kwa 1ZZ nzima kipimo kinakaribia psi 188, kiwango cha chini kinachokubalika ni psi 142, na silinda hazipaswi kupishana zaidi ya psi 14. Aniambie amekikagua kivalvu cha PCV, aniambie moshi unatoka saa ngapi. Akishindwa kujibu hayo, funguo za gari zibaki mfukoni kwa mwenyewe.